Ndege ya Kisumu–Nairobi: tathmini ya dakika mbili za kupaa

Abiria wa ndege kati ya Kisumu na Nairobi huipima huduma kwa vitu vinne: bei ya tiketi, kuchelewa, ukubwa wa begi linaloruhusiwa, na kama kuna chai au hakuna. Ni vipimo halali, maana pesa ni zao. Lakini safari yenyewe hewani haifiki hata saa moja, na sehemu yake iliyo ngumu kwa ndege na kwa rubani ni fupi mno: tangu injini zinapoongezwa nguvu mwanzoni mwa njia ya kurukia hadi magurudumu yamekunjwa na ndege imeshika mwendo wa kupanda. Tathmini hii ni ya sehemu hiyo peke yake. Tumeiweka kando ya ajali za kupaa ambazo uchunguzi wake ulikamilika, moja ikiwa imetokea hapa hapa Kenya, kwa sababu ajali hizo ndizo zinazoeleza kwa nini wahudumu wanakusumbua na begi lako, kwa nini unahamishwa kiti, na kwa nini ndege iliyokwisha kuondoka kwenye maegesho wakati mwingine hugeuza na kurudi.

Uamuzi wetu tuutoe mapema. Mengi ambayo abiria wa Kisumu huyanung'unikia kama huduma mbovu ndiyo sehemu bora ya huduma wanayolipia. Penye kasoro za kweli tutazitaja.

Tuanze na uwanja. Kwa kuwa Kisumu iko kando ya ziwa, watu hudhani iko chini. Uwanja wake uko takribani futi 3,800, karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na juu ya hapo kuna lile joto la mchana. Hewa ya moto ni nyepesi. Bawa hupata kidogo cha kuegemea na injini hupata pumzi pungufu. Marubani wana hesabu ya haraka: kila nyuzi moja ya joto inayozidi kiwango sanifu cha kimo hicho, ongeza futi 120. Kiwango sanifu kwa Kisumu ni nyuzi 7 na nusu. Saa nane mchana, kipimajoto kikisoma nyuzi 30, umezidi kwa nyuzi 22 na nusu, yaani futi 2,700. Ndege basi inapaa kana kwamba uwanja uko futi 6,500. Sasa chukua Nairobi, ambako uwanja uko futi 5,330 hivi: alfajiri yenye nyuzi 15, hesabu hiyo hiyo inatoa futi 6,600. Kwa ndege, Kisumu ya mchana na Nairobi ya alfajiri ni karibu kitu kimoja. Eldoret ndiko kuna kazi: uwanja uko futi 6,940, na mchana wa nyuzi 24 unaifanya hesabu ikaribie futi 9,700.

Hilo halifanyi Kisumu kuwa uwanja wa hatari. Njia yake ya kurukia ina kilomita 3 na ushei, na ndege zinazozoeleka hapo, Dash 8-400 ya propela na Embraer 190 ya jeti, inazitosha vizuri. Maana ya joto ni kwamba uzito uliokubalika saa moja asubuhi huenda usikubalike saa nane mchana. Begi likiachwa lifuate na ndege inayofuata, mara nyingi chanzo ni hesabu hii, wala si uzembe wa mtu wa kaunta.

Ajali inayopaswa kujulikana na kila anayepanda ndege nchini ni ya tarehe 20 Novemba 1974. Boeing 747 ya Lufthansa, safari namba 540 iliyotoka Frankfurt ikielekea Johannesburg, ilipaa Nairobi asubuhi ikiwa na watu 157. Walikufa 59. Ilikuwa mara ya kwanza 747 kuanguka na kuua watu mahali popote duniani. Injini zake nne zilikuwa zikifanya kazi.

Ili kuelewa kilichotokea, lijue bawa. Bawa la jeti limetengenezwa kwa ajili ya mwendo wa kasi wa juu angani. Kwenye mwendo mdogo wa kupaa halitoshi, hivyo hukunjuliwa ili liwe pana na lenye mkunjo zaidi. Vipande vinavyotoka ukingo wa nyuma ni flapu. Vinavyotoka ukingo wa mbele, kwenye ndege nyingi, huitwa slati, na kazi yao ni kuifanya hewa iendelee kulishika bawa hata pua ikiwa imeinuka sana. Kwenye 747 ile, vipande vya nyuma vilitolewa kwa nguvu ya haidroliki (mafuta yaliyobanwa), lakini vya mbele vilisukumwa na hewa iliyobanwa inayochotwa kwenye injini. Vali za kuruhusu hewa hiyo zilikuwa kwenye paneli ya mhandisi wa ndege, na hazikufunguliwa. Rubani akaagiza flapu. Za nyuma zikatoka, za mbele zikabaki ndani.

Ndege ilikimbia kama kawaida. Pua ilipoinuliwa mtetemo ukaanza. Marubani walishuku matairi, wakakunja magurudumu. Ndege ikapanda mita kama 30 tu kutoka ardhini, usukani ukaanza kutikisika wenyewe, ambayo ndiyo namna ya ndege kumwambia rubani kwamba bawa linakaribia kuiacha hewa. Hakukuwa na kimo cha kushusha pua ili kupata kasi. Iligusa ardhi yapata mita 1,120 kupita mwisho wa njia, ikagonga barabara iliyoinuliwa, ikavunjika na kuwaka moto.

Wachunguzi walisema mambo mawili kwa pamoja: orodha ya ukaguzi haikukamilishwa ipasavyo, na ndege haikuwa na onyo la kutosha la kumjulisha rubani kwamba vipande vya mbele havijatoka. Kinachouma ni kwamba 747 nyingine zilikuwa zimewahi kupaa katika hali hiyo hiyo na kunusurika. Baada ya Nairobi ndipo mfumo wa onyo ukaongezwa. Kwa maoni yetu hilo la pili ndilo zito zaidi. Mtu yeyote anayerudia kazi ile ile kila siku siku moja ataruka hatua. Chombo kisichopiga kelele hatua hiyo inaporukwa kimeundwa vibaya, hata kikiwa kizuri kiasi gani.

Basi hiki ndicho cha kwanza tulichopima. Kwenye Embraer 190, aliyekaa dirishani sambamba na bawa huona ukingo wa mbele ukisogea mbele na chini, ufa mwembamba ukifunguka kati yake na bawa, na huku nyuma flapu ikishuka. Dash 8-400 haina slati kabisa. Bawa lake limenyooka na lina flapu za nyuma tu, ambazo kwa kupaa huwekwa nyuzi 5, 10 au 15 za pembe. Kwa kuwa bawa liko juu ya madirisha, lazima ukae nyuma ya injini na uangalie juu. Utasikia mlio mwembamba wa pampu, kisha ukingo wa nyuma utateleza kwenda nyuma. Nyuzi 5 ni kidogo, usipoangalia tangu zikiwa ndani huenda usitambue tofauti. Rubani akisukuma mikono ya nguvu kabla flapu hazijawekwa, honi hulia. Kwenye ndege zote mbili kazi hii kwa kawaida hufanyika baada ya injini kuwaka na kabla ya kuingia njia ya kurukia, kwa hiyo usitishike ukiona bawa halijabadilika mkiwa bado maegeshoni. Ikiwa ndege imejipanga mwanzo wa njia na bawa bado limekunjwa, mwite mhudumu useme. Hakuna aibu yoyote hapo.

Honi nayo si ya kutegemewa peke yake. Detroit, tarehe 16 Agosti 1987, jeti aina ya MD-82 ya shirika la Northwest ilipaa bila flapu wala slati, na honi haikulia kwa sababu mfumo wake ulikuwa hauna umeme. Walikufa watu 156, wawili kati yao wakiwa chini ardhini. Ndani ya ndege alipona mtoto mmoja wa miaka 4. Miaka 21 baadaye, Madrid, tarehe 20 Agosti 2008, ndege ya aina hiyo hiyo ya Spanair ilifanya vivyo hivyo. Waliokuwemo walikuwa 172, wakafa 154.

Ya Madrid ina jambo ambalo abiria wa Kisumu wanapaswa kulitazama kwa makini. Ndege ile ilikuwa imeshaondoka mara moja, ikarudi maegeshoni kwa sababu ya hitilafu kwenye kipimo cha joto la hewa ya nje. Fundi akakikata kipasha joto cha kipimo hicho, ndege ikaruhusiwa. Joto la Agosti, abiria wamekaa, ratiba imeharibika, kila mtu anataka kuondoka. Kazi ikaanza upya lakini si kwa ukamilifu: flapu hazikuwekwa, na hatua za orodha zilizopaswa kulinasa kosa hilo hazikulinasa. Ndege iliyorudi na kuondoka tena ni mahali pa hatari kuliko ndege iliyoondoka moja kwa moja, kwa kuwa kichwa cha mtu kinakumbuka kwamba kazi hii ameshaifanya.

Ndiyo maana ndege ya Nairobi ikigeuza na kurudi maegeshoni, na ndani mkaanza kuguna na kuuliza mtalipwa nini, mnawabana watu wawili walio mbele wakati wanapohitaji nafasi kuliko wakati wowote. Orodha inatakiwa ianze mstari wa kwanza. Dakika 20 zinazopotea ni bei ndogo, na wafanyakazi wanaokubali kuzipoteza bila kutoka jasho tunawapa alama ya juu kabisa.

Kasoro ya kweli iko kwenye matangazo. Kwenye safari hii abiria husikia "sababu za kiufundi" na basi. Hayo ni maneno yanayoongeza wasiwasi na hasira kwa pamoja. Kusema kwamba taa ya mlango wa mizigo imewaka na fundi anauangalia ni sentensi moja, na kwa Kiswahili inaeleweka na kila aliyemo. Hili lingerekebishwa kesho bila gharama.

Sasa uzito, ambao ndio ugomvi mkubwa kwenye kaunta.

Tarehe 8 Januari 2003, Charlotte nchini Marekani, Beechcraft 1900D yenye viti 19 ilipaa, pua ikanyanyuka kupita kiasi, ndege ikaanguka na kuua wote 21. Mambo mawili yalikutana. Kebo ya usukani wa mkia ilikuwa imerekebishwa vibaya kwenye matengenezo, hivyo rubani hakuweza kushusha pua kwa kiwango kamili. Na ndege ilikuwa nzito kupita kikomo, uzito ukiwa umelalia nyuma. Makaratasi yalionyesha kila kitu kiko sawa, kwa sababu uzito wa abiria hukadiriwa kwa wastani, na wastani uliotumika ulikuwa wa zamani: watu walikuwa wamenenepa na mabegi yamekua. Baadaye mamlaka ya Marekani iliupandisha wastani huo.

Ndege ni mizani. Uzito ukisogea nyuma, pua huinuka kwa urahisi kupita inavyotakiwa. Ukisogea mbele sana, pua inakataa kuinuka na njia inaisha. Ndege ndogo kama Dash 8 huhisi jambo hili kuliko jeti kubwa. Kwa hiyo siku ambayo ndege imejaa nusu na mhudumu anakuomba uhame kutoka safu ya 3 kwenda ya 14, anarekebisha mizani, na kurudi kwenye kiti chako cha awali kwa siri wakati ameangalia kwingine ni kuiharibu hesabu ambayo rubani ameshaiweka saini. Subiri mpaka mpewe ruhusa angani.

Na begi la mkononi lenye kikomo cha kilo 7: chukua Dash 8 ya viti 78 iliyojaa, kila abiria aongeze kilo 5 za omena au parachichi kwenye begi ambalo halikupimwa. Ni kilo 390, sawa na watu wazima watano ambao hawamo kwenye karatasi yoyote. Hapa tunaikosoa huduma bila kusita. Kuna siku mabegi ya mkononi hupimwa kwa jicho, na abiria anayejulikana hupita na mfuko wa pili. Mizani iwekwe mlangoni, kila begi lipande. Foleni itarefuka kidogo, na mwenye begi zito alipie au alipeleke chini, ambako uzito wake utaandikwa na kupangwa mahali pake.

Hata kwenye ndege kubwa za kisasa, tarakimu moja inatosha. Melbourne, tarehe 20 Machi 2009, Airbus A340-500 ya Emirates iliandikiwa uzito wa tani 262.9 badala ya 362.9. Kompyuta, ikiamini ndege ni nyepesi kwa tani 100, ikatoa nguvu ndogo ya injini na kasi ndogo za kupaa. Mkia ukaburuza lami na ndege ikapita mwisho wa njia kabla ya kuinuka vizuri. Watu 275 walirudi salama, kwa nafasi finyu sana.

Kuhusu injini kufa wakati wa kupaa, hofu ya abiria ni kubwa kuliko ukubwa wa tatizo. Kabla ya kila safari rubani huhesabu kasi ya uamuzi. Chini ya kasi hiyo, jambo likiharibika wanasimama. Juu yake wanaendelea, hata kwa injini moja. Sheria inataka ndege ya injini mbili, magurudumu yakiwa yamekunjwa, iweze kupanda angalau mita 2.4 kwa kila mita 100 za mbele ikiwa na injini moja tu. Kwenye Dash 8-400, injini ikifa, propela yake hugeuza mapanga yakate upepo kwa ukingo ili yasiburute, na injini ya pili huongezewa nguvu yenyewe. Hatari hubaki kwa binadamu. Taipei, tarehe 4 Februari 2015, ATR 72-600 ya TransAsia ilipoteza nguvu ya injini moja muda mfupi baada ya kupaa, na rubani akaizima ile nzima. Kati ya watu 58 walikufa 43. Dawa yake ni mazoezi kwenye kifaa cha kuigiza ndege, na utaratibu ambao mmoja hashiki mkono wa injini mpaka mwenzake aseme kwa sauti kwamba ndiyo wenyewe.

Jambo la kuwatuliza wanaopanda Dash 8 mara ya kwanza: propela huzunguka mara 1,020 kwa dakika wakati wa kupaa, kisha rubani huishusha hadi 900 kwa kupanda. Sauti inayoshuka ghafla baada ya dakika moja au mbili ni hiyo. Hakuna injini iliyozimika.

Ndege wa porini ni suala la ziwa: korongo wakubwa na mwewe hufuata mabaki ya samaki na takataka, na mzigo wa kuwafukuza uko kwa uwanja na kwa kaunti inayosimamia majalala. Usafi wa lami nao una deni lake la damu. Kipande cha metali cha sentimita 43 kilichoanguka kutoka ndege nyingine kilipasua tairi la Concorde jijini Paris tarehe 25 Julai 2000, na watu 113 wakafa. Ukiona gari likipita polepole kwenye njia kabla yenu kuruka, liache limalize.

Safari za usiku zinahitaji neno la peke yake, maana kupaa Kisumu kuelekea ziwani gizani ni kuingia kwenye weusi usio na taa wala upeo. Airbus A310 ya Kenya Airways ilipaa Abidjan kuelekea baharini usiku wa tarehe 30 Januari 2000. Onyo la uongo kwamba bawa linakaribia kuiacha hewa likalia, pua ikashushwa, ndege ikaingia majini. Walikufa 169, wakapona 10. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya kampuni hiyo hiyo ilipaa Douala wakati wa dhoruba, ikaanza kulalia kulia taratibu huku rubani wa otomatiki akiwa hajawashwa, na ilipotambuliwa ilikuwa imechelewa. Walikufa wote 114. Masikio ya ndani ya mwanadamu hudanganya gizani. Kinachosema kweli ni kipimo cha upeo kilicho mbele ya rubani. Ndiyo maana ndege ya jioni ikicheleweshwa na mvua ya radi juu ya ghuba, tunamsifu aliyeamua hivyo.

Mwisho, milango. Embraer 190 ina minne, pamoja na milango midogo miwili ya dharura juu ya mabawa. Dash 8-400 ina minne tu, miwili mbele na miwili nyuma. Katikati hakuna, kwa kuwa bawa liko juu ya dari. Hesabu safu kati ya kiti chako na mlango ulio karibu, kwa sababu kwenye moshi utazihesabu kwa mkono, na ukitoka acha begi hapo lilipo. Ingawa Lufthansa 540 ilivunjika na kuwaka, watu 98 walitoka hai.

Kwa mwenye kuchagua: ndege ya kwanza ya asubuhi ndiyo bora kutoka Kisumu, hewa ikiwa nzito na mvua za jioni zikiwa mbali. Mwenye kilo nyingi za mzigo aichukue hiyo na mzigo wote aupeleke chini. Ya saa nane mchana ni ya mwenye begi dogo moja na nafasi ya kusubiri. Ya usiku inafaa pia, mradi Nairobi usiwe umeunganisha na safari nyingine kwa muda mfupi kiasi kwamba utamlaumu rubani akikataa kuruka.